Ukuta wa Marakuja

Uani kwangu, katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi, hakuna udongo. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Ukipiga jembe unakutana na mchanga mweusi unaolia kama vioo vilivyovunjika, mabaki ya tanuru la shaba, scorie, ambayo mtu aliyekuwa na parseli hii, kiwanja hiki, kabla yangu aliyamwaga hapo gari baada ya gari ili lori lake lisizame kwenye matope wakati wa mvua. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa mizigo mikubwa. Lori lake halikuzama hata siku moja, hilo nakubali. Kisha akahamia mahali pazuri zaidi, akaniuzia mimi ua ambao hata magugu yanaupitia mbali.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikunisumbua. Sikuwa mtu wa mimea. Nilikuwa fundi katika karakana ya reli, kama baba yangu, na babu yangu ndiye aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kutandika njia ya chuma. Nilitoka nyumbani kabla ya jua, nikarudi jua likiwa limezama. Ua wangu niliuona Jumapili baada ya misa, nao ulikuwa mweusi na umefagiliwa, na mimi niliridhika nao.

Kisha kila kitu kikaporomoka. Shaba ilipungua, treni zikapungua, mshahara ukachelewa, ukaja nusu, ukakoma kabisa. Hakuna aliyetufukuza kazi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tuliendelea kuitwa wafanyakazi. Tulikwenda karakanani tukakaa juu ya masanduku matupu ya vifaa, tukaongea siasa mpaka jioni, tukarudi nyumbani. Siku moja nikaona ninamaliza viatu vyangu bure, nikabaki nyumbani. Mke wangu alishaanza kuuza bunga, unga wa mahindi, na samaki wa chumvi sokoni, na ndiye aliyetulisha. Mimi nikaweka kiti uani, nikaanza kutengeneza baiskeli za majirani, kinga kama tunavyoziita hapa.

Ni katika miaka hiyo vita ilipofika kwa mama mkwe wangu, kule kaskazini, kando ya ziwa. Alitembea na wenzake, wakavuka mpaka, wakatembea tena, mpaka akafika Kasomeno, kwenye barabara ya kuja kwetu, peke yake, na pale wachuuzi wakampandisha juu ya magunia yao ya samaki. Alishuka mbele ya nyumba yetu na kifurushi kimoja mkononi. Mke wangu alipiga kelele akamkimbilia. Mimi pia nilikimbia, lakini kwenda upande mwingine, nikajificha nyuma ya ukuta wa jirani.

Msinicheke. Kwetu, mwanaume na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mkono, hawali mahali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Si uadui, ni heshima, na katika heshima zote tulizonazo hiyo ndiyo nzito zaidi. Ukimwona anakuja unaacha njia na kuingia kwenye majani. Ukiwa na neno la kumwambia unamwambia mtu mwingine, naye asikie, na kama mtu hayupo unaliambia jiti. Ipo namna ya kuifungua: mbuzi, vitambaa, wazee wa pande mbili wakae chini wale pamoja, basi, kuanzia siku hiyo mnaangaliana. Lakini wazee wa upande wake walikuwa wametawanyika na vita, na wa upande wangu walikuwa makaburini. Hakukuwa na mtu wa kufungua.

Baba yangu alikaa nyumba moja na bibi yangu, mama wa mama yangu, kwa miaka mingi, na sikumbuki kama walipata shida. Baba alikuwa kazini. Bibi alikuwa na mchana wote wa kutembea uani, kuoga, kukohoa na kuota jua, na honi ya jioni ya karakana ilipolia aliingia chumbani kwake. Heshima yetu ilifuata saa za kazi za reli, nasi hatukujua. Waliotuachia mila hii hawakuwahi kufikiria mwanaume mzima, mwenye nguvu zake, anayeshinda nyumbani.

Tulimpa mama mkwe chumba cha nyuma, chenye mlango wa ndani na mwingine wake unaofunguka uani. Kutoka mlango huo mpaka chooni ni ua mtupu, mweusi, hakuna hata kichaka. Na katikati ya ua huo nimekaa mimi, na kinga imepinduliwa magurudumu juu.

Mchana hakutoka. Asubuhi alitoka kabla sijaamka, na jioni nikishaingia kula alitoka tena. Katikati ya hapo alikaa ndani na mlango umerudishwa. Nilidhani anapumzika kutokana na safari. Mke wangu ndiye aliyenifungua macho, siku moja alipotoka sokoni na kukuta jagi la maji chumbani kwa mama yake limejaa kama alivyoliacha.

“Baba ya batoto,” akaniambia, “mama haiko anakunywa maji.”

“Juu ya nini?”

“Juu akikunywa atataka kutoka. Na akitoka utamuona. Njo anakauka mule ndani, na weye umekaa hapa sawa mulinzi.”

Alikuwa na homa tayari, na maumivu chini ya tumbo. Muuguzi wa zahanati alisema mwanamke wa umri ule asipokunywa maji figo zitamwua, akasema kama anamsema mtoto mtukutu, naye mama mkwe alimwitikia vizuri, akarudi nyumbani na hakunywa. Kisha akamwambia mke wangu kwamba akipata nguvu atarudi kwao. Kwao kulikuwa kumechomwa. Alisema hata hivyo, huko msituni mtu anaweza kwenda haja bila kumvunjia mkwe wake heshima.

Basi nikawa natoka mimi. Nilibeba spana zangu nikazunguka mji, kutoka Kenya mpaka katikati, katikati mpaka kituo cha treni ambako hakuna treni, nikarudi. Wanaume wengine walikuwa wanazunguka vilevile, kila mmoja na uso wa mtu anayewahi mahali. Mvua ilininyeshea. Wateja wangu walikuja nyumbani wakanikosa, wakapeleka kinga zao kwa fundi mwingine. Kila mahali nilipokaa niliona ni pa mtu mwingine. Nilikuwa nimekosa kazi, na sasa nimekosa hata ua wa kukosea kazi ndani yake. Roho ilinipanda kila siku, na sikuwa na wa kumkasirikia, kwa sababu hakuna aliyekosea.

Nilikwenda kwa padri. Padri akasema mambo haya ni ya zamani, mama mkwe ni mama, mkumbatie tu. Mke wangu akampelekea mama yake maneno hayo. Mama mkwe akajibu, “Padri haiko na mukwe.” Nami, pamoja na hasira zangu zote, niliona amesema kweli.

Kilichotakiwa ni ukuta. Kutoka pembe ya nyumba mpaka ukuta wa jirani, uzingire mlango wake, njia yake na choo, awe na nchi yake huko nyuma. Choo nilikuwa tayari kumwachia, mimi niende kwa jirani, ambaye alikubali. Lakini matofali yalikuwa ndoto. Mabati tungeyaweka leo, kesho yangekuwa juu ya nyumba ya mtu. Nilisuka uzio wa matete, nikaukuta asubuhi umebaki kamba, matete yamepikiwa bukari, ugali wa huku, mahali fulani. Miaka ile watu waliiba hata milango ya choo. Nikafikiri: mmea ulioshika mizizi hakuna atakayeubeba. Nitaotesha ukuta.

Nilianza na bogenvilia, kwa sababu niliipenda. Barabara za mjini, mbele ya nyumba za wakubwa, zilikuwa zimejaa, zambarau na nyekundu, hakuna anayeimwagilia na inapasuka kwa maua. Nikakata vijiti, nikavichomeka kwenye scorie pembeni ya vigingi nilivyopigilia kwa mstari. Vyote vilikauka isipokuwa kimoja. Hicho kimoja kikatoa miiba, majani machache, na fimbo moja ndefu iliyolala upande wa jua, ikitoka nje ya ukuta niliotaka badala ya kuufuata. Sikujua kwamba bogenvilia haijishiki yenyewe, lazima uifunge kila inapofika. Nilikaa nikingojea ipande, nayo ilikuwa inangoja mimi.

Ndipo niliposikia sauti ya mama mkwe mara ya kwanza. Nilikuwa narudi kutoka mjini, nimeegemeza kinga ukutani, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo. Tulikuwa na kuku mmoja aliyenusurika na sufuria kwa sababu anataga vizuri. Alikuwa anaparua mbele ya mlango ule.

“Kuku,” mama mkwe akasema kutoka ndani, taratibu, “mwenye kinga anapanda miiba ku njia ya musalani. Anataka nipite na kitambaa gani?”

Nilibaki nimesimama. Kisha nikajibu kama inavyotakiwa, macho kwenye usukani. “Kinga,” nikasema, “umuambie kuku, nitang'oa.”

Nikang'oa. Kuanzia siku hiyo tuliongea hivyo, kuku wake na kinga yangu, na mke wangu akituona alitikisa kichwa akaingia ndani.

Baada ya miiba nilijaribu chuchu, mboga ile ya kutambaa inayozaa matunda ya kijani yenye mikunjo. Chuchu inataka maji, kila mtu anajua, nami nikajiona mwerevu: nikazipanda pale maji ya kuogea yanapotoka. Zilichipua vizuri, nikatangaza kwa mke wangu kwamba mambo yameiva. Kumbe maji ya kuogea ni sabuni, na sabuni ya miaka ile tulipikiana majirani kwa majirani, kali, inachubua mikono. Majani yakawa njano, yakawa kahawia, yakadondoka. Yale yaliyobaki kuku aliyamaliza, yule yule msemaji wa mama mkwe.

Naye hakukaa kimya. Katika kifurushi chake alikuwa ameleta mbegu za maharagwe ya kwao, yale makubwa yanayopanda miti. Asubuhi moja nilikuta mashimo yamechimbwa kwa mstari, na mbegu ndani. “Kuku,” alisema, “haya njo maharagwe. Kule kwetu unatupa tu, yanafunika nyumba.” Kule kwao ni kando ya ziwa, udongo mweusi wa mafuriko, mzito, unaweza kuukata kwa kisu. Wetu pia ni mweusi. Alidanganywa na rangi. Maharagwe yalitoka, yakafika urefu wa kiganja, yakasimama yakiangalia huku na huku, yakafa kwa siku zile zile jua lilipoipasha scorie mpaka huwezi kukanyaga bila viatu. Sikumwambia kinga neno lolote. Lakini nilifurahi kidogo, sitaficha, kwa sababu nilikuwa nimechoka kushindwa peke yangu.

Hapo nikatumia akili ya kila mtu wa mji huu. Mtu wa Lubumbashi akiona mahindi yamestawi, ni juu ya kichuguu. Vichuguu vyetu ni vilima, vingine vimepita nyumba, na mwenye shamba lenye kichuguu anahesabiwa ana bahati. Nilikwenda Kasungami, pembeni ya mji, na kinga, kwa jamaa mmoja mwenye shamba, nikajaza magunia ya udongo wa kichuguu, mwekundu, laini kama unga. Nilikwenda na kurudi mpaka mgongo ukakataa. Nilichimba mfereji ndani ya scorie, nikaujaza udongo ule mtupu, nikapanda miche ya marakuja, yale matunda ya pasheni, niliyoombaomba misheni, nikamwagilia, nikashindilia kwa mguu ili mizizi ishike.

Wasomaji wa huku wameshaanza kucheka. Udongo wa kichuguu ndio tunaofyatulia matofali. Nusu ya nyumba za Kenya zimetoka kwenye vichuguu. Mimi nimeuloanisha, nimeushindilia, nimeuacha juani: nilikuwa nimeifyatulia miche yangu tofali moja refu, na miguu yake imo ndani. Nilipotaka kung'oa mmoja uliokufa nilihitaji sururu. Nilipiga mpaka mpini ukavunjika. Nikakaa chini kwenye scorie, mbele ya mlango wake wazi kabisa, na sikujali kama ananiona au hanioni, nikatukana. Nilitukana reli, nikatukana vita, mchwa, na yule mtu wa malori. Baadaye kidogo nikamsikia.

“Kuku, umuambie aingie kula. Kesho iko.”

Ile “kesho iko” ilinishika. Alikuwa hajaongelea kesho tangu afike, isipokuwa kesho ya kuondoka.

Kesho yake nilivunja lile tofali. Nililiponda vipande, nikavichanganya na ile scorie niliyoilaani, sehemu kubwa ya scorie, kwa sababu niliona maji yanapita ndani yake bila kusimama na kichuguu kinayakamata yasitoke, na mmea hautaki hivi wala vile. Nikaongeza majani yaliyooza na majivu ya babula, jiko letu la makaa. Nikachimba chini zaidi, mpaka nikapata udongo mwekundu wa Mungu uliokuwa umezikwa chini ya ile biashara ya malori. Nilihamisha mstari pia. Mwanzoni niliuweka upande unaochomwa na jua la mchana kutwa. Nikausogeza pale ukuta wa jirani unapotoa kivuli kuanzia mchana, nikapanda huko mche mmoja uliokuwa umenusurika, mizizi ibaki baridi na kichwa kipate jua la asubuhi. Mke wangu akaniuliza kama hiyo njo mara ya mwisho. Sikumjibu vizuri.

Marakuja ina vikono vyembamba vinavyojikunja kama springi ya kalamu. Havishiki mti mnene, vinateleza. Vinataka kitu chembamba. Nami nilikuwa na nini cha kutosha, kama si waya za breki za kinga zilizokufa? Nilizitandaza kutoka kigingi hadi kigingi, na mche ukaufikia waya wa kwanza, ukaukamata kwa kikono kimoja, ukajikunja, ukakaza. Nilikaa kiti changu nikautazama nusu siku nzima. Ulipofika waya wa juu nilikata ncha, moyo unauma, ili utoe matawi ya pembeni. Ukatoa. Ulipotaka kwenda kwa jirani niliurudisha.

Baridi ya Juni ilipokuja, ile inayoshuka usiku na kuunguza majani ya viazi, niliuvika magunia jioni na kuyavua asubuhi. Asubuhi moja nilichelewa kuamka, nikakuta magunia yameshavuliwa na kukunjwa. Asubuhi nyingine nikakuta majivu yamewekwa kuzunguka shina, upande wa mama mkwe. Na mafundo. Mimi nilifunga matawi kwa uzi wa waya. Upande ule nikaanza kuona matawi yaliyofungwa kwa vipande vya kitenge kilichochakaa, cha kijani, fundo la kina mama, lililolegea kidogo ili tawi linenepe. Yangu yalikuwa yanakata ganda. Niliyafungua moja moja nikayalegeza, na sikumwambia mtu.

Mvua zilizofuata ukuta ukaziba. Majani yalipandana, maua yakatoka, kisha matunda, na mimi nikahamia chooni kwa jirani rasmi. Upande wangu nilirudisha kiti, spana na wateja. Upande ule nilisikia ndoo, nikasikia maji, nikasikia akiimba taratibu nyimbo za kanisa za kwao huku akifua. Jagi likawa linatoka tupu. Homa ikaisha. Hakuna aliyeongelea tena kurudi. Mke wangu alileta nyama siku ya Krismasi, akakata sehemu mbili, akapeleka moja huku na moja kule, akasema hatimaye ana nyumba. Mimi nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejenga kanisa.

Ilikuwa alasiri, mvua imetoka tu kunyesha, mke wangu yuko sokoni. Nilisikia kopo limedondoka na kuviringika kwenye scorie. Kisha kitu kizito.

Nikakohoa, kama inavyotakiwa. Nikasema, “Kinga, kule nyuma iko muzuri?”

Kuku akatoka chini ya majani, akapita karibu na mguu wangu. Nikauliza tena, kwa sauti. Ndipo nikasikia pumzi yake, fupi fupi, ya mtu anayeng'ata kitambaa asilie. Alikuwa anajizuia kulia ili mkwe wake asimsikie.

“Kuku,” alisema mwishoni, chini kabisa, “umuambie asikuye huku. Kitambaa imefunguka. Angoje muke yake.”

Nikangoja. Nilikwenda mlangoni kutazama barabara kama mke wangu anakuja, nikarudi. Jirani hakuwepo. Mlango wa chumba cha mama mkwe, wa ndani, aliufunga mwenyewe kwa komeo kwa kuogopa wezi, na njia nyingine hakuna, nilihakikisha mwenyewe kwamba hakuna. Nilisimama mbele ya majani yangu. Yalikuwa mazuri. Hayakuonyesha hata tundu moja. Nikamwambia kinga amwambie kuku kwamba ninakwenda kumtafuta mke wangu. Safari hii hakujibu, na pumzi nayo sikuisikia tena.

Nilichukua panga. Nilikata pale shina liliposimama, kwa sababu ndipo nilipokuwa, nikakata matawi, nikararua waya kwa mikono, mafundo yangu na yake, nikaingia upande ambao sikuwahi kuukanyaga tangu ukuta ufunge. Alikuwa amelala ubavu, mguu umegeuka kusiko. Nilivua shati nikamfunika, nikitazama ukuta wa jirani. Kisha nikaona nitamwangusha nikiendelea kutazama ukuta, nikamtazama yeye. Alikuwa mzee mdogo sana. Nilimbeba mikononi mpaka barabarani, nikapata mkokoteni wa mtu wa makaa, nikamsukuma mpaka hospitali, majani ya marakuja yamenasa nyweleni mwake. Pale mlangoni waliniuliza kama ni mama yangu. Nikasema ndiyo.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Miaka ile hawakuwa na la kumfanyia zaidi ya kumlaza na kumfunga, na alirudi nyumbani hatembei. Mke wangu alimwosha na kumbeba. Mchana alimweka kwenye mkeka mlangoni, kwenye jua, naye akageuzia uso ndani. Mimi nikageuzia kiti changu barabara. Tulikaa hivyo, migongo ikitazamana, na katikati yetu vigingi na majani makavu yaliyoning'inia kwenye waya. Kinga na kuku hawakuongea tena. Nilijua nimemwona, naye alijua, na sikujua kama kuna mbuzi wa kufungua jambo kama hilo. Nilikuwa na hasira na ule mmea, kana kwamba ndio uliomsukuma.

Mvua zilipoanza tena, shina lililobaki likachipua. Machipukizi manene, mekundu kwenye ncha, yanatafuta cha kushika. Mikono yangu haikuniuliza. Nilikata vigingi vipya, nikaleta waya, nikapiga magoti kwenye scorie kuanza kuyafunga, taratibu, fundo la kulegea.

“Mukwe.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Kuku alikuwa mbali, upande wa jirani, anaparua takataka. Niligeuka. Alikuwa amejigeuza mwenyewe kwenye mkeka, sijui kwa maumivu gani, na alikuwa ananitazama usoni.

“Usiipandishe,” akasema. “Iache itambae chini. Nikuone wakati unaingia.”

Nikaviweka vigingi chini.